Aliyesifu Kiota

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, maana najua barua yako ijayo itaanza kwa shikamoo na mimi sipendi kudaiwa. Sijambo. Simu yako ya juzi niliisikia nusu, kwa sababu seremala wa chini alikuwa anapiga randa, na nusu niliyoisikia ilikuwa ya umeme kukatika kwenu. Basi simu tuiachie mambo ya umeme na maji. Mazungumzo yetu yabaki humu kwenye karatasi, ambako hakuna anayemkatiza mwenzake wala anayeuona uso wa mwenzake. Ndivyo wanavyozungumza hombwe, wale sokwe wa vitabu vyangu, na hawajawahi kulalamika.

Kitabu cha tisa kimeanza kuchemka. Mpima Ramani wetu ameingia tena msituni, safari hii akikimbizwa na wezi wa mbao, na amewakuta hombwe wamehamia bonde la juu. Bibi Mgongo wa Kijivu bado yu hai. Mhariri alinishauri nimuue kwenye kitabu cha nane, nikamwambia mama huyo ana wasomaji wengi kuliko mimi. Ila sasa amezeeka, miti mirefu imemshinda, na mwanawe wa kike amemjengea kiota kwenye mti mfupi karibu na chake. Hapo ndipo nilipofika. Nataka sura moja yenye utulivu kabla bunduki hazijaanza kulia.

Nahitaji neno. Hombwe mzee akikaa baada ya kusimama muda mrefu, hutoa sauti gani? Sitaki sauti ya kuugua. Nataka ile ya kushukuru kwamba makalio yamefika. Mwenye Kihombwe ni wewe, mimi ni karani wako tu. Tangu ulipougua surua ukanilazimisha tukae mgongo kwa mgongo kwenye mkeka, ukaniambia sokwe wa kitabu changu hawawezi kuzungumza wakitazamana kwa kuwa kutazamana ni kuanza ugomvi, sijawahi kutunga neno lao peke yangu nikaridhika nalo.

Hapa mambo ni yale yale. Ngazi za jengo zimeongezeka kidogo tangu mwaka jana, au labda mimi ndiye niliyepungua. Nanunua mikate kwa mpigo ili nisishuke kila siku. Usianze kunihangaikia. Mayai yapo, vitabu vipo, na harufu ya mbao inanifikia huku juu bila kuagiza.

Msalimie mkwe wangu pamoja na mafriji yake.

Baba yako


15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Neno lako ni "hommu". Mdomo ufungwe, sauti itoke puani, na ishuke mwishoni kama mtu anayetua mzigo. Nililijaribu nikiwa dukani, nasaga kioo cha miwani, na mteja aliyekuwa anajitazama kwenye kioo akaniuliza kama tumbo linaniuma. Mteja mwenyewe ni mzee mmoja anayeshikilia kwamba macho yake hayana shida hata kidogo, ni magazeti ya siku hizi yanayochapwa ovyo. Nilimvalisha lenzi, nikampa gazeti lile lile. Akalisoma kimya mpaka mwisho, kisha akasema hili la leo wamelichapa vizuri.

Sasa habari za nyumba. Unaikumbuka ile stoo ya uani ambayo mkwe wako alikuwa anazikia mafriji yaliyomshinda? Ameyatoa yote. Sijamlazimisha, ametoa mwenyewe, na mawili kati ya hayo aliyaaga. Tumepiga plasta, tumepaka rangi nyeupe isiyong'aa, maana inayong'aa humchosha mtu anayesoma sana. Dirisha tumelipanua, linatazama ua. Mlango uko usawa wa ardhi, hakuna ngazi, hata kizingiti tumekitoa. Choo ni mlango wa pili. Kitanda nimekichagua mwenyewe, cha miguu mifupi, ukikaa nyayo zinafika chini vizuri. Chini ya dirisha kuna meza ya mbao nzito. Mkwe wako alipanda juu yake akaruka, eti kuhakikisha kwamba inaweza kubeba taipureta bila kutikisika.

Kiota kimekwisha, Baba. Nimegeuza mgongo, sisemi zaidi.

Mwanao


27 Machi

Mwanangu mpenzi,

"Hommu" limekaa pale pale. Nimelitumia mara tatu kwenye ukurasa mmoja na bado nina hamu nalo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama dirishani, kisha nikaketi nikaisoma tena. Hicho chumba, mama yangu, ni kizuri kuliko vyumba vyote nilivyowahi kusimuliwa. Rangi isiyong'aa, nani mwingine angefikiria hilo? Na kizingiti kutolewa. Watu hujenga majumba ya ghorofa na hawafikirii vidole vya miguu ya mgeni. Meza ndiyo imenimaliza kabisa. Mpongeze mkwe wangu kwa kuruka juu yake, huo ndio ufundi, kazi ijaribiwe na mwili wa mtu. Na dirisha la uani, mwanga wa asubuhi, utulivu. Yeyote mtakayemlaza humo ana bahati yake, na sitauliza ni nani, maana wenye nyumba wana mipango yao na mzee hapaswi kuingiza pua.

Mimi kwa upande wangu nimeshazoea hapa kwangu. Msije mkadhani nalalamika nikitaja ngazi. Mtu akikaa mahali miaka mingi, hata kelele za randa zinakuwa jamaa zake.

Nimeimaliza ile sura ya kiota. Nadhani ni nzuri. Imeandikwa yenyewe, jambo ambalo halijanitokea siku nyingi.

Baba yako


8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimekuelewa. Asante kwa kusema mapema, ni afadhali kuliko mtu kuachwa akingoja.

Chumba kimepata mpangaji. Ni mwalimu wa tarumbeta. Mtu mstaarabu.

Dukani kazi ni nyingi kidogo, kwa hiyo barua zangu huenda zikawa fupi. Mkwe wako anakusalimu.

Mwanao


20 Aprili

Bi Mhariri,

Nakuletea sura nne za mwanzo. Najua uliziomba zamani na najua utasema nini, kwa hiyo tuchukulie kwamba umeshasema na mimi nimeshaomba radhi.

Sura ya nne isome kwa huruma. Niliiandika baada ya kupata barua ya binti yangu. Wamekarabati chumba uani kwao, akanieleza kila kitu, hadi urefu wa miguu ya kitanda. Sikulala vizuri siku ile, nilikuwa najiona nimeketi kwenye meza ile natazama ua wao. Asubuhi nikaona aibu. Mtu mzima haombi kukaribishwa kwa watoto wake, wana maisha yao. Nikakisifu chumba chao kwa moyo wote nikanyamaza, kisha nikamwacha Bibi Mgongo wa Kijivu afanye nilichokuwa nakitaka mimi. Yeye kajengewa kiota na mwanawe, kakisifu, kaingia, kalala. Ni hombwe tu, hamna wa kumcheka.

Nikwambie na jambo jingine, ila lisimfikie binti yangu. Mwezi wa pili nilianguka kwenye ngazi hizi. Si anguko la kupelekwa hospitali, ila nilikaa pale katikati ya ghorofa muda wa kutosha kujua kwamba sipendi tena kukaa peke yangu. Goti limevimba na kupungua, linavimba na kupungua. Seremala ndiye aliyeninyanyua, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa sauti ya kusalimia wagonjwa.

Binti yangu amebadilika ghafla. Aliniandikia mistari michache, baridi kama friji la mumewe, ananishukuru kwa "kusema mapema". Kusema nini? Nilisema chumba ni kizuri. Sasa wamempa mwalimu wa tarumbeta. Wewe ni mwanamke na una mabinti, niambie nimekosea wapi.

Mwandishi wako mtukutu


2 Mei

Mwandishi mtukutu,

Kutukuka hujatukuka, kwa hiyo jina lako limekaa sawa. Sura nimezisoma. Ni kazi nzuri, nakuambia mapema ili usizimie ukiiona kalamu nyekundu.

Mpima Ramani anavunjika mkono wa kushoto akiwa mtoni, na kurasa chache baadaye anapanda kamba kwa mikono miwili. Amua kama umevunjika au haukuvunjika. Wezi wa mbao wana bunduki asubuhi, jioni wana mapanga tu. Kama bunduki waliziuza, wasomaji wangependa kujua zilienda kwa nani.

Kubwa ni hili la kiota. Nimelazimika kukitoa rafuni kitabu chako cha pili, maana nilihisi kuna kitu kinanikwaruza. Wewe mwenyewe uliandika hivi:

"Hombwe hamwambii mwenzake njoo ukae nami. Hujenga kiota karibu na chake, akageuza mgongo, akangoja. Anayekitaka huingia akalala bila neno. Asiyekitaka hukisifu, kwa kuwa hombwe husifu vitu vya wenzake tu, vyake huvitumia. Kiota kikishasifiwa, mjenzi hukibomoa, na jambo hilo halitajwi tena."

Ndivyo yule kijana wao alivyompoteza mchumba kwenye kitabu kile, na wasomaji walituletea barua za kutulaumu kwa muda mrefu. Sasa kwenye sura ya nne Bibi Mgongo wa Kijivu anakisifu kiota ukurasa mzima, anakisifu kuanzia majani hadi upepo, kisha anaingia analala, na mwanawe anafurahi. Haiwezekani. Au ufute sifa, au umtoe Bibi kiotani.

Kuhusu binti yako, mimi kazi yangu ni koma na nukta. Ila nilisoma barua yako kabla ya kusoma sura, kisha nikasoma sura, kisha nikairudia barua yako. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Na kama hukumbuki ni nani aliyetunga kanuni ile ya kiota, tazama ukurasa wa shukrani wa kitabu cha pili. Uliandika kwamba ni mtoto mmoja mwenye surua.

Weka barafu kwenye goti.

Mhariri wako


9 Mei

Mwanangu mpenzi,

Umenyamaza, nami sikulaumu. Nimekuwa na kazi ya kufikiri, na kufikiri kwa umri wangu ni kama kushuka ngazi hizi, unashika ukuta.

Ndani ya bahasha nimekuwekea sura ya nne, nimeiandika upya. Zamani Bibi alikisifu kiota kisha akalala humo, na mhariri akanishika shati. Sasa nimefanya hivi: Bibi anakisifu kiota cha mwanawe, anakisifu sana, kwa uzee na upumbavu, amesahau kabisa maana ya kusifu. Anarudi kwenye mti wake. Mwanawe anakibomoa. Bibi anaona majani yakianguka na ndipo anakumbuka. Asubuhi anashuka, anatembea kwa shida mpaka chini ya mti wa mwanawe, anakaa, anasema hommu, na anageuza mgongo. Anangoja. Sura inaishia hapo, kwa sababu sijui mwanawe atafanya nini.

Niambie kama hombwe anaweza kufanya hivyo. Jibu lako nalingoja kuliko nilivyowahi kulingoja jibu lolote la Kihombwe.

Baba yako


18 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma sura. Uliuliza, nami nitajibu kama unavyotaka nikujibu siku zote, bila kukupaka mafuta.

Hombwe hafanyi hivyo. Aliyesifu amesifu. Kama Bibi alikuwa anakitaka kiota, kwa nini alikisifu hadi upepo wake? Si mtoto yule, ni mkubwa wa bonde zima, na kanuni alizijua kabla mwanawe hajazaliwa. Mimi nadhani Bibi anaupenda mti wake. Ameuzoea, ana majirani zake, hataki kusumbuliwa na watoto, na ana haki hiyo. Mwanawe ameshaelewa, amelia siku moja mbili, amebomoa, anaendelea na kazi. Ukimleta tena mama yake chini ya mti, utamfanya aanze kutumaini upya, na kama kesho Bibi ataamka akakumbuka mti wake, huyo binti atafanyaje? Ni ukatili, Baba. Kiache kiota kibomolewe, hadithi iende kwenye bunduki.

Mwalimu wa tarumbeta hajambo. Ana mambo yake. Anakula akiwa amesimama, anapiga pasi soksi, na jioni anafanya mazoezi akiwa ameingiza mdomo wa tarumbeta ndani ya kabati la nguo ili asitusumbue. Ana paka wa jicho moja. Anatoka ukoo wa watu wanaochukia muziki. Nakwambia haya ili ujue kwamba chumba kinatumika vizuri na hakuna aliyenuna.

Mwanao


25 Mei

Mwanangu,

Leo sitaandika Kihombwe. Lugha ile ni nzuri kwa wenye migongo imara, na wangu umechoka kugeuzwa. Nisome kama mtu anayekutazama usoni, hata kama tutagombana.

Nilisahau. Hakuna zaidi ya hapo. Uliponiandikia kwamba kiota kimekwisha na umegeuza mgongo, nilicheka, nikadhani ni utani wetu wa siku zote. Sikukumbuka kwamba unaniita. Kanuni uliitunga mwenyewe ukiwa na vipele uso mzima, siku tuliyojenga viota vya mablanketi na mimi nikakisifu chako ili nipate kuinuka nikafanye kazi, ukalia, ukaniambia sasa sheria ni hii: anayesifu hataki. Nikaiandika kitabuni, nikapata nayo sifa, kisha ikanitoka kichwani. Mhariri ndiye aliyenikumbusha, kwa kalamu nyekundu, kwenye swali lililofuata lile la bunduki kugeuka mapanga. Nilikaa na ukurasa ule mchana kutwa. Miezi hii yote ulikuwa unafikiri baba yako kakukataa, na mimi nilikuwa hapa nafikiri hamjanifikiria.

Nilikisifu kile chumba kwa sababu nilikitaka mpaka kikaniuma. Nikasema nimezoea hapa kwa sababu sikutaka ujue. Sijazoea. Tangu mama yako aondoke nyumba hii imekuwa na vyumba vingi mno kwa mtu mmoja, na ngazi nyingi mno kwa goti moja zima. Ndiyo, moja. La pili nililiangukia mwezi wa pili na sikukwambia, na hilo unaweza kunisuta nalo tukionana. Bibi Mgongo wa Kijivu haupendi mti wake, mwanangu. Anauogopa. Akiletwa chini ya mti wako hatakumbuka kurudi kesho wala mtondo.

Nataka kuja kuishi nanyi. Nimeandika sentensi hii, nimeitazama, haina kosa lolote.

Najua chumba kina mtu. Mpangaji asiondolewe kwa ajili yangu, nitalala sebuleni, au hata kwenye hiyo karakana ya mafriji. Halafu, kama mtu wa kazi hii, naomba kusema neno moja juu ya mpangaji wenu: ana tabia nyingi sana. Soksi, kabati, paka, na ukoo usiopenda muziki, vyote kwa mtu mmoja. Angekuwa wangu ningempunguza.

Ukisema hapana nitaelewa, na barua ziendelee kama zamani. Lakini useme kwa maneno.

Baba


1 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa ndani ya chumba, kwenye meza, na haitikisiki.

Mpangaji hayupo. Hajawahi kuwapo. Nilimtunga siku ile ile nilipopata barua yako ya sifa, nikiwa na hasira, nikiogopa kwamba utanihurumia ukijua chumba kiko tupu kinakungoja. Mwanzoni alikuwa mwalimu wa tarumbeta tu. Ulipoleta ile sura uliyoiandika upya ikanibidi nimnenepeshe, ndipo akapata soksi na paka. Nilipofika kwenye ukoo wake mkwe wako alikuwa anasoma begani mwangu, akasema, "Wewe ni mtoto wa baba yako kweli, mtamuua mtu kwa uongo wenu." Tangu mwezi wa tatu ananiuliza kitu kimoja: kwa nini nisikuambie tu. Nikamjibu hajui Kihombwe. Akasema hao nyani wana shida ya mawasiliano. Nikamwambia hombwe si nyani, hana mkia. Akasema mkia si hoja.

Nilikuwa sijui kama unaogopa kule juu. Ningejua ningekuja kukubeba mgongoni. Barua yako niliisomea dukani, na mteja mmoja akanisubiri na miwani mkononi mpaka nikamaliza kulia, kisha akasema atarudi kesho. Nimekasirika juu ya goti. Nimekasirika kweli, na nitakusuta kama ulivyoniruhusu, si siku ya kwanza lakini.

Hatukubomoa kitu. Nilishindwa. Kila Jumamosi nafungua dirisha, nafuta vumbi kwenye meza, nafunga. Mashuka nimeyabadilisha mara kadhaa bila mtu kuyalalia. Mara moja nililala humo mwenyewe, adhuhuri, nione kitanda kikoje kwa mtu mwenye umri wako, nikaamka jioni.

Mkwe wako anakuja Jumamosi na gari la kubebea mafriji. Ameshapima, taipureta na vitabu vitaingia, na kiti chako cha kona kitafungwa kamba juu. Seremala ameshapigiwa simu, atasaidia kushusha mizigo. Wewe usishushe kitu. Ukae chini, uone watu wakifanya kazi, utoe sauti yoyote unayotaka.

Na sasa nisikilize, maana sijawahi kukuambia jambo kama hili uso kwa uso wala mgongo kwa mgongo. Nataka uishi nasi. Nataka nikitoka kazini nikukute. Nataka taipureta inipigie kelele nikitaka kulala. Nimeliandika kwa lugha ya watu, sentensi fupi, ili hata mhariri wako asipate pa kuweka alama ya kuuliza.

Mwanao